Mzunguko unaruka kati ya siku 26 na 33, siku za kushika mimba nazipataje?

#1 Chausiku
Habari zenu wadau, naingia kwenye mada. Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto na mwaka ndio unakaribia kukatika. Shida yangu mzunguko hautulii, mwezi huu siku 26, mwezi mwingine 30, kuna mwezi ulifika 33. Programu ya kwenye simu kila mwezi inanipa siku ile ile ya 14 mpaka nimeanza kuitilia shaka, na shoga yangu naye anasema yeye anaanza kuhesabu damu ikishakata, sio ikianza. Hivi yai linatoka lini hasa? Ni siku moja tu au ziko kadhaa? Na nyie ambao siku zenu zinaruka ruka mnafanyaje? Nina miaka 31, mume 36, hatujapima chochote bado. Wenye utani mkali naomba mpite kimya kimya.

#2 Jicho la Tai
Ngoja nivute kiti, wajuzi wanakuja.

#3 Baba Mapacha
Siku ya 14 hiyo hiyo, msimchoshe dada wa watu na mahesabu. Sisi tulilenga siku ya 14 tukapata wawili kwa mpigo. Ushahidi ni jina langu.

#4 Jicho la Tai
@Baba Mapacha kwa hiyo mngelenga siku ya 28 mngepata wanne? 😂

#5 Mkunga Mstaafu
Chausiku mwanangu, kwanza mwambie shoga yako siku ya kwanza ni ile damu inapoanza kutoka yenyewe, sio vile vidoa vya kutangulia na wala sio damu ikishakata. Akianza kuhesabu ikishakata, na tuseme anatokwa damu siku 5, hiyo 14 yake ni siku ya 19 kwa hesabu ya kawaida, na mwenye mzunguko wa siku 26 yai lake lilishatoka karibu wiki nzima nyuma.

Halafu hizo siku 14 zinahesabiwa kurudi nyuma kutoka hedhi inayokuja, sio kwenda mbele kutoka iliyopita. Kipande cha baada ya yai kutoka ndicho hakibadiliki sana, kwa wengi ni kama siku 14, wengine 12, wengine 16. Kinachorefuka na kufupika ni kipande cha mwanzo, yai likiwa bado linakomaa, ndio maana mtu akiumwa au akipata msongo hedhi inachelewa, kumbe kilichochelewa ni yai. Likishatoka linaishi saa 12 mpaka 24, basi. Mbegu za mwanaume ndizo zenye subira, zikikuta ute mzuri zinaweza kukaa hata siku 5. Kwa hiyo siku zako ni 6, tano za kabla na ile yenyewe. Ukingoja mpaka uwe na uhakika yai limetoka ndio uanze, umeshachelewa.

#6 Mzee wa Hesabu
Naweka namba kwenye maneno ya Mkunga. Mwezi mfupi 26 toa 14 unapata siku ya 12, mwezi mrefu 33 toa 14 unapata 19. Yai la Chausiku linaweza kutoka popote kati ya 12 na 19. Kutoka 12 rudi nyuma siku 5, unafika siku ya 7. Kwa hiyo uwanja wenu ni siku ya 7 mpaka 19. Kuna na kanuni ya zamani ya kalenda, mzunguko mfupi toa 18, mrefu toa 11, hiyo inampa siku ya 8 mpaka 22. Asili ya mambo haya ni Ogino wa Japani na Knaus wa Austria miaka ya 1920, kila mtu kwa upande wake aligundua kwamba yai linafuatana na hedhi ijayo, sio iliyopita.

#7 Jicho la Tai
Siku ya 8 mpaka 22! Mzee hiyo si kalenda tena, hiyo ni ajira ya kudumu.

#8 Nyota Njema
Kalenda mimi nilishaitupa siku nyingi, mwili unasema wenyewe kama unausikiliza. Angalia ute. Hedhi ikiisha panakuwa pakavu kidogo, unakuja ute mzito unaonata, halafu siku zinavyosogea unakuwa mwepesi, wa kung'aa, unateleza kama ute wa yai bichi. Ukiuweka kati ya kidole gumba na cha shahada ukaviachanisha taratibu unavutika sentimita kadhaa bila kukatika. Hapo ndio penyewe, usimwache mume alale mapema 😅. Siku ya mwisho ya ute wa kuteleza ndiyo iko jirani kabisa na yai, kesho yake unakata ghafla unarudi kuwa mzito au panakauka. Uangalie kwenye tishu kabla ya kukojoa, na usiuangalie baada ya tendo maana shahawa zitakudanganya. Hii njia waliieneza madaktari mtu na mkewe wa Australia, John na Evelyn Billings, sio mambo ya kuokota.

#9 Kidawa
Mimi huo ute wa kuvutika sijawahi kuuona hata mara moja, wa kwangu ni wa njano na unawasha. Ina maana sina mayai??

#10 Mkunga Mstaafu
@Kidawa bibie huo si ute wa uzazi, njano na muwasho ni dalili ya maambukizi, nenda kapime utibiwe, na mwenzio naye apimwe maana mengine mnarudishiana. Na kama unajiosha ndani kwa sabuni au maji ya dawa acha. Ute wenyewe wengine wanakuwa nao kidogo sana hautoki mpaka nje, haina maana huna mayai.

#11 Tiba Asilia Uhakika
Wadada wote wenye shida ya uzazi nina dawa ya kusafisha kizazi na kuzibua mirija ndani ya siku saba njooni piemu.

#12 Jicho la Tai
Huyu naye hakosi msibani wala harusini.

#13 Mkunga Mstaafu
Mirija haizibuliwi piemu. Kujua kama imeziba kuna picha ya eksirei, wanapitisha dawa kwenye mlango wa kizazi wanaangalia kama inamwagika upande wa pili. Tuendelee.

#14 Fundi Saa
Ute unategemea macho ya mtu, joto halidanganyi. Unanunua kipimajoto cha desimali mbili, kile cha homa cha kawaida hakikutoshi maana tofauti yenyewe ni ndogo, digrii 0.2 mpaka 0.5 za selsiasi. Unapima asubuhi saa ile ile kabla hujanyanyuka kitandani, kabla ya kuongea, kabla ya kunywa hata maji, unaandika. Yai likishatoka homoni ya projesteroni inapandisha joto na linabaki juu mpaka hedhi ikaribie. Ukiona limepanda siku tatu mfululizo jua yai limeshatoka. Mke wangu kalichora miezi kadhaa tukaona kumbe yai lake linatoka siku ya 17, 18 huko, wakati sisi tulikuwa tunajimaliza siku ya 12 mpaka 14 halafu wiki inayofuata kila mtu amegeukia ukuta.

#15 Nyota Njema
@Fundi Saa sasa si umejijibu mwenyewe. Joto linapanda YAI LIKISHATOKA. Mkunga kasema hapo juu ukisubiri litoke umechelewa. Hilo joto lako ni la kuandika historia tu.

#16 Fundi Saa
Historia ya miezi mitatu minne ndiyo inayokuonyesha mwezi ujao utakuwaje. Au wewe ulifaulu mtihani bila kusoma ya nyuma?

#17 Nyota Njema
Sasa kwa mtu wa 26 mpaka 33 historia itamsaidia nini, kila mwezi na lake. Ute unakuja KABLA. Nimemaliza.

#18 Zamu ya Usiku
Mimi nafanya kazi za zamu, wiki hii nalala mchana wiki ijayo usiku, joto langu likichorwa linapanda na kushuka ovyo halieleweki. Nilihamia vijiti vya ovulesheni vya mkojo. Vinapima ile homoni ya LH inayopanda ghafla, yai linatoka kama saa 24 mpaka 36 baada ya hapo, kwa hiyo angalau unaambiwa mapema. Shida watu wengi wanavisoma vibaya. Hiki si kama kipimo cha mimba ambacho mstari ukionekana hata kwa mbali unahesabika. Hapa ule mstari wa kipimo lazima uwe umekolea sawa na ule wa kulinganishia au kuuzidi, mstari hafifu maana yake bado. Na usome kwenye dakika zile zilizoandikwa kwenye karatasi yake, ukikisahau chooni ukarudi jioni ukakuta mistari miwili huo si mstari, ni mkojo uliokauka.

Chausiku kwa vile mzunguko wako mfupi ni 26 anza kupima siku ya 9 hivi, usianze siku ya 13 kama programu inavyotaka. Usinywe maji mengi saa mbili kabla maana mkojo unakuwa mwepesi sana.

#19 Upole Wangu
Hivyo vijiti viliniliza mimi. Kila nikipima vinasema ndio, siku ya 10 ndio, siku ya 20 ndio, tukachoka kama punda. Baadaye daktari akaniambia nina PCOS, ile hali ya homoni kuvurugika mpaka mayai hayatoki kwa mpangilio, na wenye hali hiyo LH yao inaweza kuwa juu muda wote, kijiti kinasema ndio wakati yai halijatoka kabisa. Hedhi yangu ilikuwa inapita siku 40 na zaidi, chunusi, ndevu mbili tatu kidevuni ambazo nilikuwa nazing'oa kimya kimya. Nilipewa vidonge vya letrozole vya kuamsha yai nikawa nafuatiliwa kwa ultrasaundi. Kwa hiyo dada usije ukaamini kijiti peke yake.

#20 Mzee wa Hesabu
Kuhusu ile siku ya 14 ya Baba Mapacha na ya programu. Kuna utafiti wa Wilcox na wenzake wa Marekani uliotoka mwaka 2000 kwenye jarida la BMJ, walifuatilia wanawake kwa kupima homoni kwenye mkojo kila siku. Ni kama asilimia 30 tu ndio siku zao zote 6 za rutuba zilikaa ndani ya siku ya 10 mpaka 17, ambazo ndizo watu wengi walikuwa wanaambiwa. Na wengi wao mizunguko yao ilikuwa ya kawaida tu. Programu nyingi zinakadiria kwa wastani, hazioni ndani ya tumbo lako.

#21 Baba Mapacha
Mnaongea sana na watoto hamna. Wangu wako darasa la pili.

#22 Mkunga Mstaafu
Mapacha wasiofanana ni mayai mawili yaliyotoka mzunguko mmoja, wanaofanana ni yai moja lililogawanyika. Kalenda haina sehemu kwenye hilo. Hongera kwa watoto lakini.

#23 Kaka Mkubwa
Naomba kuuliza nje kidogo ya mada. Nasikia ukitaka wa kiume ufanye siku yai linapotoka kwa sababu mbegu za kuleta mtoto wa kiume zina mbio lakini hazina pumzi, ukitaka wa kike ufanye siku mbili tatu kabla. Kuna ukweli?

#24 Nyota Njema
Ukweli mtupu, dada yangu alifuata hivyo kapata wa kiume.

#25 Mzee wa Hesabu
Dada yako alikuwa na nafasi karibu nusu kwa nusu hata angefanya siku yoyote. Huyo huyo Wilcox mwaka 1995 aliangalia na hilo, hakukuta uhusiano wowote kati ya siku ya tendo na jinsia ya mtoto.

#26 Nyota Njema
Na bado kapata wa kiume 🙂

#27 Kidawa
Na kuinua miguu ukutani baada ya tendo je? Mimi nakaa nusu saa mpaka miguu inakufa ganzi.

#28 Mkunga Mstaafu
Mbegu zinazotakiwa zinaingia kwenye mlango wa kizazi ndani ya dakika chache, kinachomwagika baadaye ni majimaji. Hakuna ushahidi kwamba miguu juu inaongeza kitu. Ukipenda kulala kidogo lala, lakini ganzi ya nini? Cha kuangalia zaidi ni vilainishi, vingi vya kawaida vinapunguza mwendo wa mbegu, na hata mate.

#29 Chausiku
Asanteni wote jamani, nasoma kila posti. Sikusema kitu kimoja sababu sikujua kama kinahusika. Kabla hatujaanza kutafuta nilikuwa natumia sindano ya miezi mitatu. Hedhi ilikata kabisa kwa muda, ilivyorudi ndio ikawa hivi ya kuruka. Na kingine, mume wangu alisoma mahali kwamba mbegu zinatakiwa zijikusanye, kwa hiyo tunakaa karibu wiki mbili bila kitu halafu tunasubiri hiyo siku ya programu.

#30 Upole Wangu
Wiki mbili!!! Shemeji anaweka akiba benki?

#31 Mkunga Mstaafu
Mwanangu hilo la sindano ndilo lingekuwa la kwanza kusemwa. Sindano haiui uzazi, lakini kurudi kwake kunachukua muda, kwa wengi wanaokuja kushika mimba ni kama miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho na wengine inapita mwaka. Kwa hiyo huo mwaka wako usiuhesabu wote kama mwaka wa kutafuta, kuna miezi ndani yake pengine yai halikutoka kabisa. Na kuna mwezi mtu anapata hedhi na yai halikutoka vile vile.

La kujikusanya hapana. Mbegu zikikaa muda mrefu zinakuwa nyingi kwa idadi lakini nyingi zimezeeka, mwendo unapungua. Kutaneni siku moja mruke moja, au kila siku kama mnaweza, tangu siku ile ya 7 ya Mzee wa Hesabu mpaka ya 19 au 20. Hapo hata ukikosea hesabu mbegu zinakuwa zinalisubiri yai. Anza na vidonge vya asidi ya foliki sasa, mikrogramu 400 kwa siku, usingoje mpaka ushike.

#32 Mzee wa Hesabu
Mimi naona tatizo hapa ni akiba ya shemeji tu, sindano inasingiziwa. Wiki mbili bila kitu halafu siku moja tena isiyo yake, wangeshika kwa bahati.

#33 Upole Wangu
Na mimi naona apime homoni. Kuruka kutoka 26 mpaka 33 kunaweza kuwa tezi ya shingo au prolaktini, ile homoni ya maziwa. Kwangu walianzia hapo.

#34 Mkunga Mstaafu
Kuruka kwa siku saba si ugonjwa lazima, mzunguko wa siku 21 mpaka 35 bado uko kwenye ukawaida. Ila kupima hakuna ubaya. Akipima projesteroni asikubali kuambiwa aje siku ya 21 kwa mazoea. Hiyo ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa 28. Kinachotakiwa ni siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa, kwa mzunguko wa 33 ni siku ya 26. Nimeona wengi wamepimwa siku isiyo yao wakaambiwa yai halitoki na wakaanzishiwa dawa.

#35 Mpita Njia
Hivi mbona posti zote hizi zinamkagua mwanamke? Ute wake, joto lake, mkojo wake, damu yake. Mwanaume kapimwa nini?

#36 Kaka Mkubwa
Mwanaume rijali hahitaji kupimwa, inajulikana tu.

#37 Bondia wa Zamani
@Kaka Mkubwa inajulikana kwa nani? Mimi kitandani sikuwa na shida hata kidogo, mke wangu kazunguka na vipimo vyote yuko sawa, nilivyopima mimi majibu yakaja mbegu ziko chini kabisa. Nilikuwa najidunga homoni za kiume za kujenga misuli. Hakuna aliyeniambia kwamba ukiingiza testosteroni kutoka nje mwili unaona imetosha na korodani zinaacha kutengeneza mbegu. Misuli ilijaa, mbegu hamna. Niliacha, ikachukua muda, maana kutengeneza mbegu peke yake ni kama miezi miwili na nusu, kwa hiyo unachobadilisha leo unakiona baada ya robo mwaka. Joto nalo, kompyuta mapajani, maji ya moto ya kukaa muda mrefu. Nenda kapime mkuu, hautapungukiwa kitu.

#38 Mkunga Mstaafu
Kwa wanandoa waliochelewa, takriban theluthi moja tatizo lipo kwa mwanaume peke yake, na kwa wengine lipo kwa wote wawili. Kipimo cha shahawa ni chepesi kuliko kile cha mirija, ndio maana inafaa kianze. Umri wa Chausiku uko chini ya 35, kawaida tunasema mwaka mmoja wa kujaribu vizuri ndio mkaonwe, aliyefikisha 35 asingoje zaidi ya miezi 6. Mwenye historia ya maambukizi ya nyonga au hedhi iliyopotea aende mapema tu.

#39 Kidawa
Nyie mnaopima mimba siku ya 5 baada ya yai na mimi pia nimo 🙈 kwanini inasema hapana halafu baadaye ndio?

#40 Zamu ya Usiku
Sababu kiinitete kinajishikiza kwenye kizazi kati ya siku 6 na 12 baada ya yai kutoka, na homoni ya mimba inaanza hapo. Siku ya 5 unapima hewa. Subiri hedhi ipitilize.

#41 Chausiku
Nimemwonyesha mume posti ya Bondia, kasoma mara mbili kanyamaza, jioni akasema atapima, ila anauliza inabidi atolee pale pale maabara? Anaona aibu.

#42 Bondia wa Zamani
Pale pale ni bora ila sehemu nyingine wanakubali utoke nacho nyumbani kama ni karibu. Akae bila tendo siku 2 mpaka 7, sio hizo wiki mbili zenu. Chombo achukue kwao, asitumie kikopo cha nyumbani, na asikusanyie kwenye kondomu ya kawaida maana ina vitu vinavyoharibu mbegu. Amwage yote humo, matone ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi, yakimwagika nje aseme. Kifike ndani ya saa moja na kisipoe, akiweke karibu na mwili chini ya nguo. Kwenye majibu wataangalia wingi, kwa vipimo vya WHO vya 2021 mpaka wa chini ni milioni 16 kwa mililita, wataangalia mwendo na umbo. Yakija mabaya anarudia baada ya wiki kadhaa, kipimo kimoja hakitoshi, homa ya mwezi uliopita tu inaweza kuyashusha.

#43 Jicho la Tai
Kumbe ndio maana siku ile nilimkuta jirani anakimbilia maabara amebana kwapa, nikampa mkono akakataa kuutoa. Nilimnunia mwezi mzima.